Vya Ndani Viko Wapi?

"Mama, ndani yake kuna nini?"

Kitinda mimba wangu aliniuliza hivyo juzi jioni, kidevu kakiweka juu ya meza yangu ya kazi, macho kayakaza kwenye kiuno cha mwanasesere wake. Ndiyo, hatimaye ni wake; nimemwahidi kwa muda mrefu huku nikiwashonea watoto wa watu. Nilikuwa nimebakiza mwanya wa vidole viwili tu nimfunge, na sindano ilikwisha kutiwa uzi. Ningemjibu "pamba" nikaendelea. Lakini niliichomeka sindano kwenye mto wake, na jioni ile sikuishika tena.

Swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, na aliyeniuliza alikuwa na umri wa kunizaa mara mbili.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu niifanye kazi hii ya wanasesere kuwa kazi. Mnazijua siku zile: meza moja, taa moja, vidole vimechubuka kwa kukataa kuvaa subana. Mkono ulikuwa umeshakuwa mwepesi na watu walikuwa wameanza kuniletea wanasesere wa zamani niwatengeneze. Bibi yule alikuja na wake amemviringisha kwenye taulo, kichwa tu kikionekana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Nilimlaza mezani nikaandika kwenye daftari, kama ninavyoandika hadi leo kila anayeingia: urefu sentimita 40, uzito gramu 780, shingo imelegea, jicho la kushoto limefumuka, mshono wa mgongo umeoza, harufu ya ukungu. Kitambaa chake kilikuwa cha pamba, cheupe zamani, na uso ulidariziwa kwa mkono: nyusi kwa mishono mitatu mitatu, mdomo kwa mmoja tu, mfupi. Sijawahi kuona mdomo wa mshono mmoja unaosema mengi vile.

"Shingo na jicho, mwanangu," bibi alisema. "Shingo na jicho tu."

Nikaitikia. Alipotoka nikamnusa tena yule mwanasesere, nikajiambia kwamba kumtengeneza shingo na kumwachia ukungu tumboni ni kazi nusu. Uamuzi huo niliupitisha mwenyewe, mlango haujatulia kwenye bawaba zake.

Usiku nikamfungua mgongo. Uzi ulikuwa umechoka kiasi kwamba sikuhitaji kufumua. Niligusa kwa ncha ya mkasi na mshono wote ukaachia. Nilitarajia sufi, au pamba iliyoganda mabonge. Nilipoingiza koleo jembamba na kuvuta, kilichotoka kilikuwa tambara. Kipande cha upana wa kidole, kirefu, kilichoviringwa kama bandeji. Nikavuta, kikaja, kikaendelea kuja, mpaka mguu mzima wa kulia ukabaki ngozi tupu juu ya meza. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kitambaa kingine, kizito zaidi, chenye mistari. Mikononi vilijazwa vipande vidogo vidogo vya namna nyingi, vimeshindiliwa kwa subira kubwa hadi kwenye dole gumba. Anayeifanya kazi hii anajua: dole gumba ndilo linalomtoa mtu machozi.

Kifuani nilikuta ukosi wa shati. Mahali pa kifungo palikuwa na kishina cha uzi tu. Kifungo chenyewe kilikwisha kukatwa kikaenda kutumika kwingine. Chini ya ukosi, pale ambapo moyo ungekaa, palikuwa na soksi ya mtoto. Moja. Kisigino chake kilikuwa kimetiwa viraka vya uzi, uzi wa kwenda na uzi wa kurudi, mtande na mshindio kama kitambaa kilichofumwa upya, na yenyewe ilijazwa vipande vingine. Kimoja kilikuwa cha bluu, kimekunjwa mara nne, kimeingia weusi wa ukungu pembeni.

Niliusifu mkono uliofanya kazi ile. Nilivishika vile vitu, nikavigeuza kwenye taa, nikasema peke yangu, huyu alijua. Kisha nikavigawa mafungu mawili. Vilivyoingia ukungu vikaenda kwenye taka usiku uleule. Vilivyobaki nikavitia kwenye mfuko ili niwaonyeshe wanafunzi wangu jinsi watu wa zamani walivyojaza.

Kazi iliyofuata niliifanya vizuri. Ngozi niliifua, ikakauka. Mgongo nikautia kiraka kwa ndani. Jicho nikalidarizi upya nikifuata matundu ya sindano ya mwanzo. Shingoni nikatia kijiti na kushindilia sana, maana shingo ikijazwa kwa huruma huanguka. Mwili wote nikaujaza poliesta mpya.

Bibi alikuja siku ya nne. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, uso ukimwelekea, nikingoja aone jicho.

Hakutazama jicho. Alimpokea, akamlaza kwenye mkono wake wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, akampandisha na kumshusha. Akarudia. Mara ya tatu alifumba macho. Niliona mkono ukipanda juu kupita alivyokusudia, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa kumbe ni tupu.

"Amekuwa mwepesi," alisema.

Nikaanza kueleza. Poliesta haishiki unyevu, bibi. Anaweza kufuliwa sasa, anakauka upesi, hataoza tena. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanyamaza kidogo, ndipo akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na vya ndani viko wapi, mwanangu?"

Nilileta mfuko. Aliketi, akautua mapajani, akaanza kutoa kimoja kimoja. Ukosi aliunyoosha kwa kidole gumba juu ya goti, akapapasa pale palipokuwa na kifungo. Soksi aliiingiza ngumi, kisigino kikakaa juu ya kifundo cha kidole chake, na kile kiraka nilichokisifu kwa ufundi wake kikatanuka, nikaona kila uzi. Aliitazama kwa muda. Kisha akarudisha mkono mfukoni, akatafuta, akaupindua mfuko, akautikisa.

"Kulikuwa na cha bluu."

Nilimwambia ukweli. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile ninaloweza kulisema bila kushusha macho. Nilimwambia kilikuwa na ukungu na kwamba nilikitupa, na taka zilikwisha kuchukuliwa. Hakunigombeza. Alisema, "Haya," akakunja ukosi mara mbili. Hakuniambia cha bluu kilikuwa cha nani, nami sikuwa na uso wa kumuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nayajua mambo haya. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Käthe Kruse wa Ujerumani, kwamba mwanasesere wake wa kwanza, mwaka 1905, alimtengenezea binti yake kwa taulo lililojazwa mchanga, na kichwa kikawa kiazi. Miaka ya 1920 akaja kutengeneza mtoto mchanga aliyetiwa mchanga mwilini, ili anayembeba ahisi uzito wa kichanga. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kuwaambia kwamba mwanasesere hujulikana kwa mkono kabla hajajulikana kwa jicho. Na uzito wa huyu ulikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, gramu 780. Sikurudi kuusoma.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana na picha ya mwanasesere wa kitani kutoka Oxyrhynchus, Misri, wa enzi za Warumi, kati ya karne ya 1 na ya 5. Yuko British Museum, jumba la makumbusho la London. Uso umefutika, mikono ni vibonge tu, na kichwani kumebaki ushanga wa kioo wa bluu. Ndani amejazwa matambara na vipande vya papiri, karatasi ya kale ya mafunjo. Nilikaa na picha ile muda mrefu kuliko picha ya mwanasesere yeyote wa kaure mwenye kope na viatu vya ngozi. Matambara ya nani? Wote hao wamekufa, na bado yamo humo ndani.

Bibi aliniomba nirudishe vilivyobaki. Nilivifua kwa maji ya moto, nikavianika juani siku mbili, nikatoa poliesta yote, nikajaza upya. Soksi niliiweka mahali pake. Palipopungua sikutaka kuongeza kitu changu; niliviringa kwa kulegeza kidogo ili vifike. Nilipompima alikuwa gramu 610. Alipokuja kumchukua alimpandisha na kumshusha tena, akanipa mkono, akaenda zake. Sijamwona tangu siku hiyo.

Rafiki yangu mmoja wa kazi hii huniambia nilifanya sawa. Ukungu ungebaki mle, anasema, ungekula kitambaa chote na bibi angebaki bila mwanasesere wala cha bluu. Yapo majira ninayokubaliana naye. Lakini najua pia kwamba cha bluu kingeweza kuloweshwa, kuchemshwa, kukaushwa, na hata kama kingetoka kimechakaa kama utando wa buibui, kingeweza kushonewa ndani ya kitambaa kingine na kurudi. Ilikuwa kazi ya saa moja. Siku hizi daftari langu lina mstari wa ziada, "vya ndani," na siufungui mgongo wowote kabla mwenyewe hajaniambia la kuandika hapo.

Juzi, basi, nilimwambia binti yangu kwamba bado sijamaliza kujaza, na kwamba mdoli huyu ni wake, hivyo ndani atie anachotaka. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaenda chumbani, nikasikia droo zikifunguliwa na kufungwa, akarudi na soksi.

"Mwenzake iko wapi?"

"Ipo. Lakini hii ndiyo yenye tundu."

Nikampa kijiti cha kujazia, nikamwonyesha jinsi ya kusukuma taratibu, kidogo kidogo, kwa kuzungusha. Ilimchukua karibu robo saa, ulimi nje. Nilipochukua sindano nifunge, akaweka kiganja juu ya mwanya.

Anasema hajamaliza. Tangu juzi mwanasesere amelala mezani na mgongo wazi, na kila nikipita nakuta kuna kitu kimeongezeka.