Seva mbili zote zilijidai ni kiongozi: vile niliokoa data za depo yetu Goma

Mimi nachunga mashini za depo moja ya dawa hapa Goma, kartie Majengo, si kitu kikubwa, kompyuta tano na seva moja chini ya meza ya kese. Data yote iko ndani ya PostgreSQL, programu ya kutunza data: stoki, fakture, na madeni ya mafarmasia wanaochukua dawa leo wanalipa mwisho wa mwezi. Patroni wetu tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani alipoteza duka lake la kwanza pamoja na madaftari ya madeni, na anasema wengi wa waliokuwa na deni lake wakasahau palepale. Ndiyo maana nilipomwambia tuweke seva ya pili hakubisha bei, alibisha pahali tu. Alitaka iwe kwake Himbi aione kila siku. Nikamwambia papa, Himbi na Majengo mlima ni mmoja. Tukaipeleka Bukavu kwenye buro ya mdogo wake, ile ng'ambo ya ziwa, kama kilomita 100.

Kunakili kuko namna mbili. Ya kwanza, Goma haikubali mauzo mpaka Bukavu ijibu kwamba imeandika, hapo haupotezi hata fakture moja lakini laini ikikatika kese nayo inasimama, na laini yetu inakatika wee. Nilijaribu siku mbili, mama wa kese akaniambia mwanangu toa hiyo kitu yako. Basi nikachukua ya pili, Goma inaandika inaendelea, Bukavu inafuata nyuma, sekunde chache mtandao ukiwa mzuri, masaa mazima ukiwa umelala.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni anga likawa jekundu. Sitadanganya, seva haikuniingia hata kichwani, nilibeba watoto. Lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, halafu ardhi ikaanza kutetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akatoa amri kartie kumi zihame, Majengo ikiwemo. Nikapata boti ya Bukavu. Depo haikuwa na umeme.

Bukavu nikafungua laptop kwenye magoti, nikaangalia kopi imefika wapi. Ilikuwa inakosa fakture 11 za mwisho, hizo tulizirudisha kwa karatasi, patroni alikuwa nazo ndani ya mfuko. Nikaipandisha cheo ile seva, yani amri moja tu, kutoka mfuasi anayenakili tu ikawa kiongozi anayeandika mauzo, na dakika ishirini baadaye patroni alikuwa anapigia mafarmasia simu na orodha ya madeni mbele ya macho yake. Nilijisikia fundi kabisa.

Kumbe. Mama wa kese hakutoka mji, alikwenda kwa dada yake Katindo, ambako amri haikufika. Siku ya tatu mtu akamlilia serum, akachukua ufunguo akaenda kufungua. Umeme ulikuwa umerudi. Na mimi mwenyewe, kwa akili yangu, nilikuwa nimeseti ile mashini ijiwashe umeme ukirudi na PostgreSQL ianze yenyewe, na hakuna mtu aliyeiambia kwamba Bukavu sasa ndiyo kiongozi, kwa hiyo ikaamka ikajua kazi ni yake kama kawaida. Akauza siku mbili. Akanipigia akiwa na furaha: "Mwanangu, mashini yako iko sawa, nimeshatoa fakture 37!"

Jasho likanitoka. Fakture 8215 ya Bukavu ilikuwa katoni za amoxicillin za mtu wa Minova, na 8215 ya Goma ilikuwa serum. Namba moja, watu wawili, pesa mbili. Kuna kifaa kinaitwa pg_rewind kinachorudisha kiongozi wa zamani awe mfuasi, lakini kinafanya hivyo kwa kutupa yote aliyoandika peke yake, yani zile 37 zingeenda. Nikamwambia mama usiguse kitu, ona nyuma ya mashini kuna kamba ya manjano, ichomoe. Akachomoa. Niliporudi Goma nilinakili kwanza folda nzima kwenye diski ya nje, kisha nikatoa zile fakture 37 nikaziingiza upande wa Bukavu moja moja na herufi G mbele ya namba. Fakture hazikunisumbua sana. Stoki ndiyo ilinitesa, juu kila seva ilikuwa imepunguza peke yake kutoka hesabu ileile ya mwanzo, ikabidi tuhesabu maboksi kwa mkono na tochi, usiku mbili.

Siku hizi namba zina herufi ya mji toka mwanzo, na hakuna seva inayoanza PostgreSQL bila mimi au mdogo wa patroni kusema.

Halafu kuna siku kijana wa staji alifuta bei zote na Bukavu ikatii kwa sekunde nne, ikafuta pia, ndiyo kazi yake! Hapo nikaweka ya tatu Lubumbashi, hiyo inapokea yote lakini nimeiambia ichelewe masaa 6 makusudi kabla ya kuandika, PostgreSQL inakubali, ni mstari mmoja tu. Sikujua itatumika kwa sababu ingine. Mwisho wa Januari 2025 vita vikafika Goma, katikati ya Februari Bukavu, na mimi nilikuwa nimehesabu miji miwili haiwezi kupata shida pamoja. Mwezi wa tatu patroni akanipigia, akaniuliza kama deni la yule wa Minova bado liko. Nikafungua Lubumbashi. Liko papa, nikamwambia, hata tarehe iko.