Salem, upande wa gatini

Treni ya asubuhi kutoka North Station, Boston, Marekani, ilijaa watu wenye kofia nyeusi zilizochongoka. Ilikuwa Oktoba, na Salem mwezi huo ni mji wa wachawi. Safari ni kama nusu saa, na ni afadhali treni: ukienda na gari utazunguka mitaani ukitafuta maegesho huku siku ikiisha.

Umati uliposhuka uliingia Essex Street, kwenye maduka ya hirizi na majumba ya kutishana. Sisi tulianzia Charter Street, kwenye ukumbusho wa waliouawa mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi. Mawe 20 yametokeza ukutani kama baraza, kila moja na jina la mtu, siku na namna alivyokufa. Walionyongwa ni 19. Giles Corey alirundikiwa mawe mpaka akakata roho. Wageni hukaa juu ya majina hayo wakila chipsi.

Kwangu mimi Salem yenyewe iko Derby Street, forodhani. Jengo la forodha ni la 1819, na mbele yake Derby Wharf inaingia baharini karibu mita 800 hadi kwenye mnara mdogo wa taa wa 1871. Njia nzima haina kivuli na upepo ni wa kukata, kwa hiyo koti usiliache hotelini.

Bandari hii ilifanya biashara na Unguja. Mkataba wa biashara wa Marekani na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, ni wa 1833, na konseli wa kwanza aliyefika Unguja, mwaka 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Meli za hapa zilipeleka merikani, kitambaa cha pamba, zikarudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi, yaani utomvu wa mti uliogandia ardhini. Sandarusi ilifika ingali na ganda la mchanga. Ilioshwa papa hapa Salem, kwa maji yenye magadi, ndipo ikauzwa kwa watengeneza vanishi. Ganda likitoka, uso wake huonyesha vipele vidogo vidogo, na hivyo ndivyo wanunuzi walivyoitambua iliyo nzuri.

Chestnut Street, walikojenga matajiri, tuliipita upesi. Matofali ya njia yameinuliwa na mizizi, viatu vya kisigino havifai. Jioni tukaingia Peabody Essex Museum kuona ukumbi wa 1825 wa chama cha manahodha waliozunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Barua na daftari za meli usiziulizie pale: maktaba yao iko Rowley, mji mwingine, na nafasi huombwa mapema.