Sekunde 30 za Kuanzia

Sekunde 30 hazitoshi kumchora mtu aliyetulia katika mkao mbele yako. Zinatosha kuchora anachokifanya: ameegemea, amejikunja, anavuta, anasukuma. Mchoraji akikaa siku kadhaa bila mazoezi, mkono wake unataka kuanza na kichwa, uende kwenye macho, kisha pua, na kengele inalia uso umekamilika lakini mwili haupo. Kosa hili huwapata hata wenye uzoefu, kwa sababu uso ndio tunaousoma kwa watu kutwa kucha, na jicho linaukimbilia lenyewe. Ndiyo maana napenda mikao mifupi ije mwanzoni, mkono ungali mkaidi.

Mpangilio ninaouamini kwa kipindi cha karibu saa mbili ni huu: mikao 10 ya sekunde 30, mikao 10 ya dakika 1, mitano ya dakika 2, minne ya dakika 5. Hapo zimepita dakika 45 za kuchora, bila kuhesabu mapumziko mafupi ya katikati. Baada ya mapumziko marefu inakuja miwili ya dakika 10, na mwisho mmoja wa dakika 20. Anayeshika saa asiwe anachora; kama wote wanachora, kengele irekodiwe mapema kwenye simu. Katika mikao ya dakika 5 kwenda juu, atangaze dakika moja ikibaki. Katika ile mifupi neno "badili" linatosha, maana maneno mengi yanakula muda.

Karatasi iwe ya bei nafuu na kubwa, A2 ikipatikana, aina ile ya magazeti kabla haijachapwa. Karatasi nzuri inamfanya mtu awe na hofu ya kuiharibu. Mikao ya sekunde 30 inaweza kukaa minne au mitano kwenye ukurasa mmoja. Kijiti cha mkaa wa kuchorea kivunjwe kipande cha sentimita 4 au 5, kishikwe kwa ubavu na vidole vikiwa juu yake, na mstari utoke begani. Penseli iliyochongwa ikishikwa kama ya kuandikia inauleta mchoro kwenye kifundo cha mkono, nao unatoka mdogo, wenye mistari mifupi ya nywelenywele. Ubao unaobandikwa karatasi nao usimame. Ukilala mapajani au mezani, sehemu ya juu ya karatasi iko mbali na jicho na inaonekana imefupika. Mchoraji anaifidia bila kujua, na ubao ukiinuliwa, kichwa na kifua vinaonekana vimevutwa.

Sasa mkao wenyewe. Mtu amesimama, mkono mmoja kiunoni, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Sekunde tano za kwanza usichore, tazama. Weka alama mbili ndogo, moja utosini na nyingine nyayoni, ili miguu isitumbukie nje ya karatasi. Kisha mstari mmoja mrefu kutoka kichwani, ukifuata uti wa mgongo, mpaka kwenye mguu unaobeba mwili. Halafu mistari miwili ya kukatiza: wa mabega na wa nyonga. Kwa kuwa uzito uko kulia, nyonga ya kulia imepanda. Bega la kulia kwa kawaida litashuka ili mwili usianguke. Mistari hiyo miwili inakaribiana upande wa kulia na kuachana upande wa kushoto, na hapo ndipo kiuno kinapobanwa upande mmoja na kunyooka upande mwingine. Ukiichora sambamba, umechora nguo iliyotundikwa, hata kama kila kiungo kina urefu wake sahihi.

Kipimo cha kuhakiki ni kishimo cha koo. Shusha kwa macho mstari wa timazi kutoka hapo. Mtu akisimama kwa mguu mmoja bila kuegemea kitu, mstari huo utaangukia kwenye unyayo unaobeba uzito au karibu nao sana. Ukiangukia katikati ya miguu miwili wakati unajua mguu mmoja umelegea, mchoro unaanguka, na kurekebisha mkono au kichwa hakutausaidia. Chora upya juu yake bila kufuta. Ufutio ubaki mfukoni mpaka mikao ya dakika 10.

Ukiongezewa muda, usiutumie kutia kivuli mapema. Dakika 1 inaongeza mafungu mawili, mbavu na nyonga, kila fungu likielekea kwake. Dakika 2 zinaleta viganja na nyayo kama maumbo mapana, bila vidole. Kivuli kinaanzia dakika 5, taa ikiwa moja na ikitoka ubavuni. Taa mbili za pande tofauti zinazima umbo lote.

Zoezi ambalo watu hulikwepa, nami nalithamini sana, ni kuchora mikao miwili bila kuangalia karatasi kabisa. Auguste Rodin, mchongaji sanamu wa Ufaransa, alikuwa akichora hivyo, watu aliowachora wakitembea huru kwenye karakana. Uwiano unavurugika, lakini mstari unakuwa na uhai, na unagundua ni mara ngapi huwa unaondoa macho kwa mtu aliye mbele yako.

Naye huyo mtu atunzwe. Mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa ni ya mikao ya dakika 1 au 2 tu. Zaidi ya hapo inatetemeka na kufa ganzi. Goti lisikazwe kwa nyuma katika mkao mrefu, maana kusimama hivyo kunaweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu. Kila baada ya dakika 20 apumzike walau 5, na kabla hajashuka nyayo zake zizungushiwe chaki au utepe ili arudi palepale. Hakuna picha za simu bila ruhusa yake, na asiguswe. Mkao unaelekezwa kwa maneno.

Kuchora na wenzako kuna faida ambayo picha za kwenye skrini hazina: duara la wachoraji wanaomzunguka mtu. Aliyekaa mbele anaona mkono ulionyooshwa kando kwa urefu wake wote, aliye pembeni anauona umemwelekea kama kisiki. Kila mtu hukimbilia kiti chenye pembe rahisi, kwa hiyo viti vibadilishwe baada ya kila mikao mitano. Mwishoni tandazeni sakafuni michoro ya mkao uleule, mmoja kutoka kwa kila mchoraji, muitazame kwa kusimama. Swali la kwanza liwe uzito uko mguu gani. Mchoro unaolijibu papo hapo mara nyingi ni wa dakika 1, wenye mistari saba au minane, na mwenyewe alikuwa ameshaukunja.