Kulinganisha hopsi: sawazisha uchungu kwanza

Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Ukitia gramu 30 za aina ya Saaz kwenye sufuria moja na gramu 30 za Citra kwenye nyingine, zichemke saa nzima, hujalinganisha aina za hopsi. Umelinganisha uchungu tu. Saaz ya Ucheki huwa na asidi za alfa, chanzo cha uchungu, asilimia 3 hadi 4.5, Citra ya Marekani, 11 hadi 13. Bia ya pili itakuwa chungu karibu mara tatu, na ulimi ukishashikwa na uchungu, harufu haihukumiki tena.

Kwa hiyo uchungu wote utoke kwa hopsi moja. Kwa lita 20 za maji ya kimea yatakayokuwa bia, haidromita (kifaa cha kupima sukari ndani yake) ikisoma 1.050, gramu 22 za hopsi aina ya Magnum yenye alfa asilimia 12 zikichemka dakika 60 hutoa takriban IBU 30, yaani vipimo 30 vya uchungu. Saaz ya asilimia 3.5 ingehitaji gramu 75 kwa kazi hiyohiyo, na hopsi nyingi kiasi hicho huleta ladha ya nyasi. Asilimia isome kwenye pakiti yako, maana hubadilika kila mavuno.

Maji ya kimea yakipoa, yagawe kwenye vyombo vitano vya lita 5, lita 4 kila kimoja. Hamira ipime kwa mizani: pakiti ya gramu 11.5 ni gramu 2.3 kwa chombo. Uchachushaji ukitulia, tia hopsi za Saaz, Cascade, Citra na Nelson Sauvin, gramu 16 za kila aina, kila aina chombo chake. Cha tano kiache bila kitu, maana bila hicho hutajua harufu ipi ni ya hamira. Siku tatu kwenye nyuzi 18 hadi 20 zinatosha.

Hapa ndipo chupa hupasuka. Hopsi zisizochemshwa zina vimeng'enya vinavyokatakata sukari iliyobaki, na hamira huamka upya na kutoa gesi. Usijaze chupa mpaka haidromita isome vilevile siku tatu mfululizo.

Nusa kila pakiti kabla ya kutumia. Harufu ya jibini maana yake hopsi zimezeeka kwenye joto na hewa. Jaribio lote litakudanganya. Zihifadhi kwenye friza, pakiti ikiwa haina hewa.

Kuonja, mwingine amimine bila wewe kujua ni ipi. Saaz ina viungo na majani makavu. Cascade, balungi na maua. Nelson Sauvin, zabibu nyeupe. Citra tu mwambie aimimine ya mwisho: embe na pasheni zake hufunika kinachofuata.