Swali la binti wa nyuma

Nimetoka darasani sasa hivi. Upepo wa Dodoma na vumbi lake kama kawaida, lakini furaha niliyonayo!

Kidato cha sita, mada ya viini vya atomu. Nikawaeleza maabara ya ISOLDE pale CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia huko Geneva, iliyoanza kazi 1967: protoni zenye nguvu zinagonga shabaha ya kabidi ya urani (urani iliyoungana na kaboni) iliyopashwa moto hadi nyuzi 2000 hivi za Selsiasi. Viini vinavunjika, atomu mpya zinatoka kama mvuke, zinaondolewa elektroni, mara nyingi kwa leza, kisha sumaku inazichambua kwa uzito. Hapo umepata mwale wa ioni zenye mionzi.

Niliposema ni urani, kama ile inayotajwa Bahi na Manyoni, darasa zima likaamka.

Nikataja lithi-11, mojawapo ya viini vinavyopatikana hivyo. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya viini vyake kuvunjika, hata milisekunde 10 haufiki.

Binti wa nyuma, ambaye huwa haongei kabisa, akasimama: "Mwalimu, sasa kinafikaje kwenye kipimo kabla hakijaisha?"

Jamani! Hilo ndilo swali linalowanyima wataalamu usingizi. Shabaha iwe na vitundu vidogo, joto liwe kali, njia iwe fupi, na bado atomu nyingi zinapotelea njiani.

Nikapita kwenye dawati lake. Pembeni ya daftari amechora shabaha, bomba na sumaku, na juu ya mshale ameandika "HARAKA".

Walimu wenzangu wa fizikia, mada hii mnaifundishaje bila vifaa? Nipeni mbinu hapa, nitamwonyesha kesho.