Kasete iliyosahauliwa ndani ya mashine

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipotema moto, mama alimfunga mdogo wetu mgongoni na kubeba sufuria kichwani. Papa alichukua godoro na mfuko wa karatasi za kiwanja. Yaya wangu (huku Goma yaya ni kaka au dada mkubwa, ndugu wa pwani msicheke) aliviringisha Nintendo ndani ya kitenge, akaifunga kifuani. Papa alimgombeza njia nzima hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda: watu wanaokoa unga, wewe unaokoa mchezo! Yaya kimya.

Na wala haikuwa Nintendo. Ilikuwa mashine ya bei rahisi kutoka Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nakala ya Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya Wajapani, lakini mtaani kila kitu chenye maneti mbili, vile vishikio vya kuchezea, kiliitwa Nintendo. Kwa haraka yaya alisahau mfuko wa kasete za michezo chini ya kitanda. Tuliporudi, kiwanja chetu kilikuwa mwamba mweusi unaofuka moshi, na mfuko ule uko chini yake mpaka leo. Ilipona kasete moja tu, ile iliyokuwa imebaki ndani ya mashine. Ya njano, karatasi yake imeandikwa kwamba ina michezo 9999999. Tulihesabu: saba. Iliyobaki ni hiyohiyo saba, ikianzia katikati.

Siku hizi natengeneza simu, na chini ya meza yangu ya kazi kuna sanduku la bati ninapoweka mashine za zamani. Ninazo PlayStation mbili za mwanzo, moja inasoma diski ikiwa imepinduliwa kichwa chini tu. Waliocheza mtaani Mabanga, hapahapa Goma, wanakumbuka, kwenye ukumbi wa michezo zote zilikaa hivyo, mimi nikidhani ndivyo zilivyotoka Japani. Sababu ni kwamba kigari kinachobeba lenzi kilikuwa cha plastiki, tena jirani na sehemu ya umeme inayopata joto. Kinalika, lenzi inainama, diski haisomeki. Ukipindua mashine, uzito unairudisha lenzi karibu na mahali pake. Nani aligundua hilo huku kwetu? Hakuna anayejua, na hilo linaniuma kidogo.

Mwaka jana kasete ya njano ilikataa kuwaka. Tulizoea kupuliza, fuu, fuu, na kurudisha. Kosa kubwa: pumzi ina unyevu, na unyevu unakula shaba. Nilisugua pini zake zote 60 kwa kifutio cha penseli, nikapitisha pamba yenye alkoholi, pamba ikatoka kijani. Halafu nikaifungua. Ndani hamna chipu yenye miguu, kuna tone jeusi la gundi ngumu, limemwagwa juu kama lami. Hamna namba, hamna alama, hamna mwaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuudhika kweli. Katika kasete yetu, mchezo wa Mario ulianza bila mstari wowote chini ya jina lake. Nakala halali ina mstari huo: 1985 na jina la Nintendo. Aliyenakili aliufuta. Lakini hata hiyo halali, ukiumaliza mchezo na kumwokoa binti mfalme, huoni jina la Miyamoto aliyeubuni wala la Kondo aliyetunga muziki. Huko Atari, Marekani, nako kampuni haikutaja watengenezaji, hadi mmoja wao, Warren Robinett, akaficha jina lake ndani ya mchezo wake Adventure: mchezaji aokote nukta moja isiyoonekana vizuri, apite nayo ukutani, aingie chumba ambamo jina limeandikwa. Mtu anaiba nafasi ili aweke jina la kazi yake mwenyewe!

Na kasete yenyewe, kile kitendo cha kuchomoa mchezo na kuchomeka mwingine? Wazo lilianza kwa wahandisi wawili wa kampuni ya Alpex, Kirschner na Haskel. Aliyeongoza kazi ya kuligeuza kuwa kitu ambacho mtoto anaweza kuchomeka kila siku ni Jerry Lawson, Mmarekani mweusi, kwenye Channel F, mashine ya michezo ya kampuni ya Fairchild, mwaka 1976. Nimecheza utoto mzima, nimefikisha miaka thelathini, ndipo nikalisikia jina lake. Famicom iliongozwa na Masayuki Uemura. Kimsalaba cha kushoto kwenye maneti, kile kilichotuota sugu kwenye dole gumba, ni cha Gunpei Yokoi.

Nisiseme sana kuhusu koltani, madini yetu yanayoingia ndani ya mashine kama hizi, kila mtu hapa ana la kusema. Ila mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka, bei ilipanda, na wajomba wengi walishika njia ya Masisi na sepetu. Majina yao pia hayako popote.

Watu wa Video Game History Foundation walihesabu mwaka 2023: katika michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 haipatikani tena madukani. Kwa hiyo kasete yangu ya wizi naitunza bila aibu. Ni mwizi, lakini ni shahidi.

Nyuma yake nimeandika kwa maka, kalamu ya wino mzito: Lawson, Kirschner, Haskel, Uemura, Miyamoto, Kondo. Yokoi hakutosha, nimembana pembeni.

Krismasi yaya alikuja kutoka Bukavu. Akaichukua, akasoma polepole.

"Na aliyeibeba?"

"Nafasi imekwisha, yaya."

Akaomba maka, akageuza mashine, akaandika karibu na tundu la skrubu: Goma–Gisenyi, kwa miguu, 17/1/2002. Jina hakuweka. Akaomba maneti ya kwanza.