Hela ya tiketi siyo hela yako: nilivyouza bahati nasibu Houston

Nilipochukua duka langu dogo la pembeni ya kituo cha mafuta hapa Houston, kaka mmoja wa nyumbani aliniambia, "Weka mashine ya bahati nasibu, hiyo ni hela ya bure. Tena leseni ya mwenye duka wa zamani ipo, endelea nayo tu." Nikamwamini, maana yeye alishauza duka mbili. Sikujiuliza kwa nini aliziuza.

Leseni ya kuuza tiketi Texas haihamishwi. Ni ya mtu yule na mahali pale. Mwenye zamani alipoondoka, leseni yake nayo ilikwisha, na mimi ilibidi nianze upya: fomu, alama za vidole, kupekuliwa kama nina kesi au deni la kodi la jimbo. Ada ilikuwa dola mia na ushee. Mashine ikaja, nikafundishwa, nikaanza.

Sasa hapo kwenye "hela ya bure" ndipo nilipoumia. Kamisheni yako ni asilimia 5. Ukiuza tiketi ya dola 100 (ndiyo, Texas ina tiketi ya kukwangua ya dola 100, tangu 2022), wewe unabaki na dola 5. Hizo 95 nyingine sheria inasema unamshikia serikali, ni amana. Mimi nilikuwa naziona kwenye droo zimejaa, nikasema aah, Jumatano nitakwenda kununua soda na maji, hela itarudi kabla hawajakuja kuichukua. Hawaji na gari, jamani. Wanavuta wenyewe kutoka akaunti yako ya benki kila wiki.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kitabu cha tiketi za kukwangua kikifika, huuzi mpaka ukiwashe kwenye mashine, yaani ukisajili kuwa kimeanza kuuzwa. Mimi nilitaka kaunta ipendeze, nikawasha vitabu karibu vyote siku moja, nikavipanga kwenye vioo, rangi tupu kama duka la kanga. Kumbe kitabu kikishawashwa saa imeanza kuhesabu: zikipita siku kadhaa unatozwa kitabu kizima, hata kama nusu ya tiketi bado zinaning'inia. Vitabu vyangu vikafikia siku zake pamoja. Watu wa bahati nasibu wakaja kuvuta hela yao benki, wakakuta akaunti imekauka. Nikapigwa faini ya benki, mashine ikazimwa, na wazee wangu wa kila asubuhi wakahamia kituo cha ng'ambo ya barabara. Mmoja alinipungia mkono akiwa kule. Niliumia zaidi ya ile faini.

Nilifungua akaunti ya pili, ya tiketi tu. Na kila jioni kabla sijafunga, hela ya tiketi inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, asubuhi kopo linakwenda benki. Mke wangu ndiye anashika funguo za kabati la hilo kopo. Nikimwomba dola 20 ya muuza mayai ananiangalia tu. Na sasa nawasha vitabu viwili, vitatu, si zaidi, hata kama vioo vinaonekana na mapengo.

Ujanja ninaojivunia hasa ni wa daftari. Tiketi za kukwangua zina namba kwa mfuatano. Kila zamu ikiisha naandika namba ya tiketi iliyo mbele kwenye kila kioo, natoa ya asubuhi, tofauti ndiyo mauzo. Kwa wiki tatu hesabu ilitoka safi kabisa, halafu kitabu kimoja cha tiketi za dola 20 kikaisha mapema, pungufu tiketi nne. Namba za mbele zote zilikuwa sawa! Nililala nikiota namba. Siku ya pili nikatoa kitabu kingine kwenye kioo nikakikunjua mpaka mwisho, ndipo nikaona: zimechanwa za mkiani.

Kijana wa zamu ya usiku ni mpwa wangu. Nikamwita, nikaweka kitabu juu ya kaunta, sikusema neno.

"Mjomba, nilikuwa naazima tu. Ningeshinda ningerudisha."

"Na usiposhinda?"

Akanyamaza. Dada yangu nilimpigia simu, mshahara wa kijana ulikatwa, lakini kazini yupo mpaka leo. Ila sasa naandika namba ya mbele na ya mwisho pia.

Kuhusu wateja, mambo ni machache ila usiyachezee. Mtoto chini ya miaka 18 humuuzii, hata akisema ametumwa na baba. Kadi ya mkopo hapana, kadi ya msaada wa chakula hapana. Pesa taslimu au kadi ya benki. Huwezi kuongeza hata senti kwenye bei iliyoandikwa. Zawadi mpaka dola 599 unaweza kulipa dukani, ikizidi hapo mteja anakwenda ofisi zao, na mwambie asaini nyuma ya tiketi kabla hajatoka mlangoni. Na tangu 2025 mtu mmoja kwa mara moja mwisho tiketi 100. Hiyo ililetwa na lile kundi la Aprili 2023 lililonunua karibu michanganyiko yote milioni 25.8 ya namba za Lotto Texas, mchezo wa kubahatisha namba, na kuondoka na jekipoti ya dola milioni 95. Wabunge walikasirika, hata tume yenyewe ya bahati nasibu ikavunjwa, kazi ikahamia idara ya leseni.

Mkasa wangu wa mwisho ulikuwa usiku wa droo kubwa ya Powerball, bahati nasibu ya majimbo mengi ya Marekani, foleni mpaka nje. Bwana mmoja akasema anataka tiketi 13, "thirteen". Sikio langu la Tanga likasikia "thirty", 30. Mashine ikatema karatasi, yeye akahesabu zake 13, akalipa dola 26, akaenda. Zikishachapwa harudishiwi mtu. Zile 17 zikawa zangu, dola 34, na hapo hapo nikaanza kujenga ghorofa kichwani. Nilishinda dola 4. Kufidia dola 30 zilizopotea nilitakiwa niuze tiketi za dola 600.

Sasa kuna kikaratasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi pembeni ya mashine. Ukitaka zaidi ya kumi, uandike mwenyewe.